Je, Timu ya Kikapu Inaweza Kushinda Michezo Yote ya Msimu?

SWALI

Shikamoo Mhariri. Mimi ni msomaji wenu wa Ngamiani, hapa Tanga. Kwenye baraza yetu ya kahawa pamezuka ubishi ambao sasa unaingia wiki ya pili. Mpwa wangu, ambaye huamka saa tisa usiku kutazama ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, anashikilia kwamba siku moja itapatikana timu itakayoshinda michezo yake yote 82 ya msimu wa NBA. Hoja yake ni kwamba Arsenal ilimaliza Ligi Kuu ya Uingereza ya 2003/04 bila kufungwa, Yanga nayo ikafanya hivyo hapa nyumbani msimu wa 2021/22, na kwa kuwa katika kikapu timu bora hujulikana upesi kuliko katika soka, jambo hilo lingepaswa kuwa rahisi zaidi huko. Mimi nasema haiwezekani, lakini kila ninapotakiwa kutoa sababu naishia kusema kwamba haijapata kutokea, naye hunijibu kwamba kila lililotokea lilikuwa na siku yake ya kwanza. Tafadhali tuamulieni, na mtupe sababu.

JIBU

Marahaba, ndugu yetu, na umfikishie mpwa wako salamu, kwa maana nusu ya hoja yake ni ya kweli kabisa. Katika soka bao moja la kona linaweza kuizamisha timu iliyoshambulia dakika zote 90, lakini katika kikapu cha NBA kila upande hupata mpira takriban mara 100 katika mchezo mmoja, na bahati ikigawanywa katika mara 100 hupungua nguvu. Aliye bora kwa kawaida huibuka kabla ya robo ya nne kwisha. Hapo mpwa wako yuko sawa.

Anapoteleza ni pale anapochukua kutofungwa na kukufanya kuwa ndiyo kushinda. Arsenal ile ilicheza michezo 38, ikashinda 26 na kutoka sare 12. Yanga nayo ilifikisha michezo 49 ya ligi bila kufungwa kabla ya Ihefu kuukata mfululizo huo Novemba 2022, na katika njia hiyo yote sare ziliiokoa siku ambazo mabao hayakupatikana. Kikapu hakina sare. Robo nne zikimalizika pointi zikiwa sawa, huongezwa dakika 5, na zikimalizika bado sawa huongezwa 5 nyingine, na hivyo hivyo hadi mmoja aanguke. Siku mbaya ambayo mwanasoka huondoka nayo akiwa na pointi moja mfukoni, mchezaji wa kikapu huondoka nayo akiwa ameshindwa. Kwa hiyo anachokitafuta mpwa wako ni ushindi mara 82 mfululizo, jambo ambalo Arsenal wala Yanga haikulifanya hata katika msimu wake mfupi zaidi.

Tuingie kwenye hesabu, kwa kuwa hapa ndipo ubishi wenu unapoweza kupimwa. Tuseme ipo timu yenye uwezo mkubwa kiasi kwamba kila inapoingia uwanjani ina nafasi 9 kati ya 10 za kushinda, awe mpinzani ni nani na popote wanapocheza. Ili kupata nafasi yake ya kushinda michezo yote, unazidisha 0.9 kwa 0.9 hadi itimie mara 82, na jibu linakuwa kama mara moja katika misimu 5,650. Ipandishe hadi nafasi 95 kati ya 100, na bado ni mara moja katika misimu 67 hivi. Timu haifikii hata nusu kwa nusu mpaka uwezo wake uvuke nafasi 99 kati ya 100 katika kila mchezo, na timu ya namna hiyo haijawahi kuonekana katika NBA tangu ligi hiyo ilipoanzishwa mwaka 1946. Iliyo bora kuliko zote kwa rekodi ya msimu wa kawaida, Golden State Warriors ya 2015/16, ilishinda michezo 73 na kupoteza 9, yaani ushindi 89 katika kila michezo 100. Kwa kiwango hicho, kushinda yote 82 ni jambo la mara moja katika misimu karibu 14,000.

Najua kwamba hesabu ya namna hiyo haimnyamazishi mtu barazani, kwa hiyo naomba tuitazame timu hiyo hiyo kwa karibu. Warriors ilianza msimu kwa kushinda michezo 24 mfululizo, mwanzo ambao hakuna timu nyingine ya NBA iliyowahi kuupata. Mchezo wa 24 ulikuwa Boston, tarehe 11 Desemba 2015, na haukuisha mpaka muda wa nyongeza ulipochezwa mara mbili. Usiku huo huo timu ikasafiri hadi Milwaukee, na kesho yake jioni ikaingia tena uwanjani dhidi ya timu iliyoijua barabara kazi iliyo mbele yake. Warriors ilipoteza kwa 108 dhidi ya 95. Milwaukee haikuwa imegeuka kuwa timu bora kuliko wao. Miguu ndiyo iliyokataa. Ratiba ya michezo 82 katika miezi sita haiachi nafasi ya kulikwepa jambo hilo, kwa sababu huwa kuna usiku wa kuamkia mchezo mwingine, na nusu ya michezo, yaani 41, huchezwa ugenini.

Kushindwa kunakonifundisha zaidi ni kwa tarehe 6 Machi 2016. Siku hiyo Warriors ilikuwa imeshinda michezo 55 na kupoteza 5, na ilikutana na Los Angeles Lakers iliyokuwa imeshinda 12 na kupoteza 51. Sidhani kama ungempata mtu wa kuweka hata kikombe cha kahawa upande wa Lakers. Warriors ikafungwa 112 kwa 95. Siku hiyo ilirusha mitupo 30 ya pointi tatu na kuingiza 4 tu. Stephen Curry na Klay Thompson, walengaji wawili hodari kuliko wengine wote wa wakati huo, walirusha 18 kati ya hiyo na kuingiza mmoja. Kwa wastani wao wa msimu, mitupo 30 ingewapa vikapu 12. Ukosefu wa vikapu 8 ni pointi 24, na mchezo wenyewe walipoteza kwa tofauti ya pointi 17.

Nimewafundisha vijana kikapu kwa miaka mingi hapa Tanga, kwenye uwanja wa saruji usio mbali na bahari, na jambo hili nimelishuhudia kwa macho yangu mara nyingi sana. Nilikuwa na kijana mmoja ambaye jioni moja angesimama nyuma ya mstari wa pointi tatu na kurusha mpira baada ya mpira, na kilichosikika kilikuwa nyavu tu. Kesho yake, kiwiko kikiwa pale pale chini ya mpira, vidole vikimalizia pale pale, mpira ungegonga chuma, ungezunguka kwenye pete mara moja na kutoka. Nilikuwa nikilaumu upepo wa kusi, mpaka nilipomwona akikosa namna hiyo hiyo alfajiri tulivu ambayo hata majani ya mnazi hayakutikisika. Hakukuwa na kosa la kumsahihisha. Mlengaji anayepata mitupo 4 katika kila 10 hapewi ile 4 kwa mpangilio, siku kwa siku. Leo anaweza kupata 7, kesho 1, na katika msimu wa michezo 82 siku za 1 zitakuja, wakati mwingine zikiwaangukia walengaji wawili kwa pamoja. Ningependa sana mpwa wako aende uwanjani na daftari, amwombe mlengaji bora wa mtaa wenu arushe mara 30 kila jioni kwa wiki mbili, na aandike idadi. Daftari hilo litamshawishi kuliko maneno yangu.

Rekodi za zamani zinasema hayo hayo. Mfululizo mrefu kuliko wote wa ushindi katika NBA ni wa Lakers ya Wilt Chamberlain na Jerry West, iliyoshinda michezo 33 kati ya Novemba 1971 na Januari 1972, kisha ikafungwa, tena na Milwaukee, safari hiyo ikiongozwa na Kareem Abdul-Jabbar. Mfululizo huo haufiki hata nusu ya michezo 82. Chicago Bulls ya Michael Jordan ilishinda 72 na kupoteza 10 mwaka 1995/96, na kati ya hiyo 10 umo mchezo mmoja iliofungwa kwa pointi moja na Toronto Raptors, timu mpya iliyokuwa katika msimu wake wa kwanza kabisa wa ligi. Hata ukimpunguzia mpwa wako mzigo kwa nusu, ukamwambia atafute timu iliyoshinda michezo yake 41 ya nyumbani tu, mbele ya mashabiki wake na bila safari, hataipata: waliokaribia zaidi ni Boston Celtics ya 1985/86 na San Antonio Spurs ya 2015/16, na kila mmoja alifungwa mara moja.

Ligi yenyewe pia imejengwa ili asipatikane mbabe wa namna hiyo. Mishahara ina ukomo, kwa hiyo tajiri mmoja hawezi kuwakusanya nyota wote, na timu zilizofanya vibaya hupewa nafasi kubwa ya kutangulia kuchagua wachezaji wapya kila mwaka. Ndugu yetu Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam, alichaguliwa wa pili mwaka 2009 na Memphis Grizzlies, timu ambayo msimu uliotangulia ilikuwa imeshinda michezo 24 tu. Utaratibu huo ndio uliompeleka huko.

Zaidi ya hayo, sioni kocha mwenye busara akiutaka msimu wa namna hiyo. Kikombe hakitolewi kwa ushindi 82, bali kwa mtoano unaofuata, ambako bingwa hutakiwa kushinda mara 16 zaidi. Timu ikishajihakikishia nafasi ya juu, huwapumzisha nyota wake, na hufanya vyema kufanya hivyo. Warriors iliendelea kukimbilia ushindi wa 73 hadi siku ya mwisho ya ratiba, ikaupata, kisha katika fainali ikaongoza kwa michezo 3 dhidi ya 1 na kupoteza mitatu iliyofuata mbele ya Cleveland Cavaliers. Siwezi kusema kwamba mbio za rekodi pekee ndizo zilizowaangusha, kwa kuwa Cleveland ilikuwa na LeBron James aliyecheza kikapu cha ajabu, lakini kila kocha aliyeiona fainali ile anaikumbuka anapopanga nani apumzike mwezi wa Aprili.

Kwa hiyo, ndugu yetu, jibu letu ni kwamba hesabu haijafunga mlango kabisa, ila kwa ligi ya michezo 82, isiyo na sare na iliyosawazishwa kama ile, sitarajii mimi, wewe wala mpwa wako kuliona jambo hilo.

SWALI

Habari za kazi, Mhariri. Nikiwa msomaji wenu wa Pangani, na nimeusikia ubishi huo wa watu wa Ngamiani kwa masikio yangu, nauliza: je, hakuna timu yoyote ya kikapu, mahali popote, iliyowahi kumaliza mashindano bila kufungwa?

JIBU

Zipo, na ukizitazama utaona kinachozitofautisha ni urefu wa ratiba na pengo la uwezo. Katika vyuo vikuu vya Marekani, UCLA ilimaliza misimu minne kwa ushindi 30 bila kufungwa, miaka ya 1964, 1967, 1972 na 1973, na wanaume wa Indiana wakashinda 32 kati ya 32 mwaka 1976. Wanawake wa Chuo Kikuu cha Connecticut walishinda michezo yao yote 39 msimu wa 2008/09, mwaka ule ule ambao Thabeet alikuwa akiichezea timu ya wanaume ya chuo hicho hicho. Chuo kikubwa huweza kuwavuta wanafunzi hodari mwaka baada ya mwaka, miaka hiyo hapakuwa na ukomo wa mishahara wala utaratibu wa kuwapa wanyonge nafasi ya kuchagua kwanza, na michezo ni chini ya nusu ya ile ya NBA.

Kwa wachezaji wa kulipwa, mfano ulio karibu nasi ni Zamalek ya Misri. Katika mashindano ya kwanza ya Ligi ya Kikapu ya Afrika, yaliyochezwa Kigali Mei 2021, ilishinda michezo yote 6, na katika fainali ikaifunga US Monastir ya Tunisia kwa 76 dhidi ya 63. Chukua kipimo kile kile nilichompa ndugu wa Ngamiani, cha nafasi 9 kati ya 10, ukizidishe mara 6 badala ya 82: unapata zaidi kidogo ya nusu.