Saizi Ileile, Kilo Tofauti

SWALI: Fundi, shikamoo. Nakodisha maturubai, viti na meza za shughuli hapa Mbagala Rangi Tatu. Nina Hilux ya zamani inayovuta tela la viti. Kibandiko cha mlangoni kinasema 195R14C. Matairi ya nyuma yameanza kuwa vipara. Kariakoo nimeonyeshwa ya mtumba, 195/70R14, kashata, yale meno ya juu ya tairi, zimejaa kabisa, shilingi 70,000 moja, na muuzaji kaniapia kuwa saizi ni ileile. Mapya yenye C naambiwa 190,000 moja. Nina laki sita tu. Mdogo wangu anayeendesha anataka yale mapana ya matope. Mimi nilifikiri haya ya nyuma niyahamishie kwenye tela, maana ya tela yana nyufa. Ile namba ya ubavuni, ya tarehe ya kutengenezwa tairi, uliyotufundisha kusoma nimeiona: mbele 1022, nyuma 4014. Nifanyeje?
Mama wa Maturubai, Mbagala

JIBU: Marahaba, mama. Umefanya vizuri kunisomea kibandiko cha mlangoni. Wengi huniandikia "nina Hilux" wakaishia hapo, nami nabaki kukisia.

Hayo ya 70,000 usiyanunue. Nalitanguliza hili kwa sababu najua muuzaji atakupigia simu kabla gazeti halijakufikia mara ya pili.

Saizi si ileile. Ukishamaliza kusoma saizi ubavuni, endelea mbele kidogo; kuna namba nyingine ambayo hakukusomea. Tairi la 195R14C la plai 8 (plai ni kipimo cha uimara wa tairi) kwa kawaida limeandikwa 106/104. Hiyo 106 ni kilo 950 ambazo tairi moja linaruhusiwa kubeba. Ya pili, 104, ni kilo 900, nayo ni ya matairi yanayofungwa mawili mawili upande mmoja kama nyuma ya lori, kwa hiyo haikuhusu. Sasa mwambie akusomee hilo lake la 195/70R14. Mara nyingi utakuta 91, na 91 ni kilo 615. Hilo ni tairi la gari dogo la kwenda nalo kazini. Herufi C ndiyo inayokuambia tairi limetengenezwa kwa gari la mizigo.

Tupige hesabu ya Jumamosi yako moja. Tuseme gari likiwa tupu, ekseli ya nyuma inabeba kilo 600. Kwenye bodi unaweka mabomba ya maturubai na jenereta, kilo 500. Vijana wa kufunga wako watatu, kilo 200. Tela likijazwa viti na meza likafika kilo 1,200, basi kama limepangwa vizuri sehemu ya kumi hivi ya uzito huo inalalia chuma cha gari cha kuvutia tela, yaani kilo 120 nyingine juu ya matairi ya nyuma. Jumla 1,420. Matairi mawili ya 91 yanabeba 1,230. Umeshapita kilo 190, na hapo hujakanyaga shimo hata moja. Mawili ya 106 yanabeba 1,900. (Hao vijana nimewaweka kwenye hesabu kwa kuwa najua wanapanda. Tafadhali wasikae juu ya mabomba. Wapande daladala, uwalipie nauli.)

Tena hilo la 195/70R14 ni fupi, karibu sentimita 4 kwa kipenyo. Nyuma ya gari itashuka na mshale wa spidi utakudanganya.

Kuhusu kashata zilizojaa, nisikilize sana hapa. Nimefunga matairi Ilala miaka 27, na funzo hili nililipata kwa gari langu mwenyewe. Nilinunua mawili ya mtumba yenye kashata nzuri kiasi kwamba bado yalikuwa na vile vinywele vya mpira. Sikutazama mwaka. Nilikuwa navuta tela lenye mashine ya kuchomelea, natoka Kisarawe, nashuka kuja Pugu. Likaanza kutetema, nikadhani ni barabara. Halafu mpira wa juu wote ukabanduka kama ganda la chungwa, ukapiga bodi kwa kishindo, na tela likaanza kunichezesha nyuma, kushoto, kulia, kushoto. Niliachia mafuta, nikashika usukani bila kukanyaga breki kwa nguvu, mpaka likatulia. Mbele yangu kulikuwa na akina mama wawili wanauza mihogo kando ya barabara. Tulipouangalia mpira uliobanduka, kashata zilikuwa bado zimejaa. Mpira wa chini ya kashata ndio uliokuwa umezeeka.

Ndiyo maana nasisitiza namba nne za tarehe. 1022 ni wiki ya 10 ya mwaka 2022. 4014 ni wiki ya 40 ya mwaka 2014. Kampuni nyingi za matairi zinashauri tairi likifika miaka 5 likaguliwe kila mwaka, na likifika 10 litolewe hata kama linaonekana zima. Kwa hiyo hayo yako ya nyuma yamekwisha mara mbili, kwa kashata na kwa umri. Usiyahamishie kwenye tela! Tela halina breki zake, halina dereva wa kusikia mtetemo, na likipasuka tairi ndilo linalolivuta gari kando. Yafanye kingo za bustani.

Sasa laki sita. Ya mbele ya 2022 yabaki mbele, kama fundi hakuona uvimbe wala nyufa. Nunua mawili mapya yenye C, 106, yafungwe nyuma: 380,000. Inabaki 220,000, nayo inakutosha tairi moja tu la tela wakati unahitaji mawili. Umepungukiwa 160,000. Ushauri wangu ni kwamba tela lipumzike kwanza. Shughuli mbili tatu zinazokuja, viti vibebwe na kirikuu cha kukodi. Faida itapungua, najua, lakini kiasi hicho utakipata, na utafunga yote manne ukiwa na amani. Kama rimu za tela zina ukubwa na matundu sawa na za gari, weka saizi ileile ya 195R14C kote, ili spea moja ikutoshe kwa gari na tela.

Jina la kampuni lisikutie wasiwasi. Ukipata Bridgestone au Michelin kwa pesa yako, heri. Usipopata, tairi jipya la bei ya chini kutoka China au Thailand, lenye 106 na tarehe ya karibuni, naliamini kuliko la jina kubwa lililozeeka. Punguza kwenye jina. Kwenye kilo na mwaka usipunguze hata shilingi.

Mdogo wako mwambie hivi: matairi ya matope ni ghali, yana kelele, yanakula mafuta, na kwenye lami iliyolowa hayashiki kama ya kawaida. Njia zenu za Chamazi na Toangoma zikiwa na tope, kupunguza mzigo kutamsaidia zaidi.

La mwisho ni upepo. Fundi pancha wengi hujaza psi 30 (psi ni kipimo cha upepo) kila gari. Tairi lako la plai 8 linabeba zile kilo 950 likiwa na psi 65. Likiwa na 30 linajikunja, linapata joto, na joto ndilo linaloliua. Fuata kibandiko cha mlangoni, safu ya gari lenye mzigo, na upime asubuhi kabla gari halijatembea.

SWALI: Nina boti ndogo Kunduchi, navuta tela lake mara nne kwa mwaka. Kashata hazijaisha hata kidogo, lakini ubavu una nyufa nyembamba. Nisubiri?
Msomaji, Kunduchi

JIBU: Usisubiri. Tela linalosimama huzeesha matairi kwa jua, si kwa mwendo, na uzito ukikaa sehemu moja miezi mitatu mpira unapata bapa. Badilisha yote mawili. Ukishafunga mapya, liinue tela juu ya magogo kila unapoliegesha, matairi yasiguse ardhi, uyafunike kwa gunia au turubai. Na kila ukitoka baharini, mwagia rimu na nati maji baridi ya bomba, kwa sababu chumvi hula ukingo wa rimu pale tairi linapokalia, upepo ukaanza kutoka kidogo kidogo bila pancha yoyote kuonekana.