Kochi: ulale Fort Kochi, na uangalie ni siku gani ya wiki

Swali la wiki liliuliza: mwenye siku 4 za kutembea ng'ambo ya Bahari ya Hindi aende mji gani wa bandari, na apange vipi? Aende Kochi, jimbo la Kerala, kusini-magharibi mwa India. Mji wenyewe ni rahisi kuutembea. Wanaorudi wamenuna aghalabu wamekosea mambo mawili: wamelala upande usiofaa wa maji, au wamefika Ijumaa wakitaka kuona kila kitu kabla ya Jumapili.

Tuanze na malazi. Matangazo ya hoteli huandika "Kochi" hata kama hoteli iko Ernakulam, upande wa bara, kwenye stesheni, maofisi na hospitali kubwa. Aliyekuja kumuuguza mgonjwa hana budi kulala huko. Anayetembea alale Fort Kochi, kwenye ncha ya rasi iliyoko ng'ambo ya maji, ambako nyumba nyingi za familia zina vyumba vya wageni. Uwanja wa ndege uko Nedumbassery, kilomita 30 hivi kaskazini ya Ernakulam. Mpaka Fort Kochi ni zaidi ya 40, na foleni huifanya safari kuwa ya saa moja na nusu au mbili. Ukiwa na begi moja, shukia Ernakulam, nenda gati la High Court upande boti ya umeme ya Water Metro. Nauli zake ni kati ya rupia 20 na 40, na inapita pembeni mwa foleni yote. Zipo pia feri za zamani za serikali ya jimbo, bei yao ni ndogo zaidi, ila jioni hujaa.

Kabla ya hayo yote, kadi ya homa ya manjano. India haina mzaha nayo: anayetoka Kenya, Uganda, Burundi au Kongo bila kadi anaweza kuwekwa karantini mpaka siku 6. Chanjo huanza kuhesabiwa baada ya siku 10, kwa hiyo kuchanja wiki ya safari hakukusaidii. Mtanzania naye abebe kadi yake, hasa akipitia Nairobi au Addis Ababa. Viza ya mtandaoni inapokelewa uwanja wa Kochi. Ichapishe kwenye karatasi, usitegemee simu.

Sasa siku za wiki. Kasri la Mattancherry, mtaa jirani na Fort Kochi, hufungwa Ijumaa. Sinagogi ya Paradesi, hatua chache kutoka hapo, hufungwa Jumamosi na sikukuu za Kiyahudi, na Ijumaa usiitegemee. Kanisa la St. Francis lina ibada Jumapili asubuhi, na mtalii hubaki nje. Fika Jumapili mchana au Jumatatu na mambo yote yanakunyookea.

Nyavu za Kichina zilizo ufukweni ndizo zinazopigwa picha kuliko kitu chochote mjini, na wengi huzitazama bila kuelewa zinavyofanya kazi. Kila moja ni fremu ya magogo yenye kimo cha mita 10 au zaidi, imening'iniza wavu mpana mbele, na nyuma kuna mawe yaliyofungwa kwa kamba moja baada ya jingine. Mawe na wavu vimesawazishwa kiasi kwamba mtu mmoja akitembea juu ya boriti kuu, uzito wake unatosha kuuzamisha wavu. Kuuinua ndiko kunakotaka watu wanne au zaidi kwenye kamba. Wavu hukaa chini ya maji dakika chache tu, na mara nyingi huibuka na visamaki vya kujaza bakuli. Wavuvi hufuata maji kujaa na kupwa, si saa ya watalii, hivyo ukizikuta zimening'inia tu, rudi baadaye. Kuna vipindi gugumaji, lilelile tunalolijua Ziwa Victoria, na takataka za plastiki huzijaza nyavu mpaka kazi inasimama. Ukialikwa kuvuta kamba, jua utaombwa pesa. Taja kiasi kabla hujaishika. Na samaki wakubwa waliopangwa mezani kando ya nyavu, usidhani wote wametoka hapo. Wengi huletwa kutoka bandari ya uvuvi. Bado ni wazuri, wapimishe mbele yako kisha wapeleke kibanda cha jirani wakupikie.

Kanisa la St. Francis lina jiwe la kaburi la Vasco da Gama, aliyefia Kochi Desemba 1524. Mifupa ilipelekwa Ureno mwaka 1539, kwa hiyo unachokiona ni jiwe tu. Anayeijua nguzo yake pale Malindi atapenda kukumbuka kwamba Mreno huyo alivuka mwaka 1498 kwa rubani aliyepewa Malindi, akatua karibu na Kozhikode, kaskazini ya hapa.

Mattancherry ipe nusu siku nzima. Kasri lilijengwa na Wareno katikati ya karne ya 16, wakamtunuku mfalme wa Kochi, kisha Waholanzi wakalikarabati. Ndiyo maana huitwa la Waholanzi. Kwa nje halina mvuto. Ndani, kuta za chumba cha mfalme zimejaa michoro ya Ramayana, utenzi wa kale wa Kihindu, na kupiga picha hakuruhusiwi. Sinagogi ni ya 1568. Sakafu yake ni ya vigae vya Kichina vya buluu vilivyochorwa kwa mkono. Ukikodi bajaji, kubaliana kwamba hakuna kupitia madukani. Dereva hulipwa kamisheni kukupeleka, ndiyo sababu bei yake ya "kuzungushwa mji" huwa ndogo mno.

Siku ya tatu, Alappuzha, kilomita 55 hivi kusini, treni ya saa moja na kitu. Angalia tiketi: Ernakulam ina stesheni mbili, Junction na Town, na watu hukosa treni kwa kusubiri kwenye nyingine. Boti za kulala, kettuvallam, zimetokana na majahazi ya mchele yaliyoshonwa kwa kamba za usumba bila misumari, ufundi ule ule wa mtepe wa Lamu. Kuzikodi kuna masharti ambayo tangazo halisemi: unapanda saa 6 mchana, boti inafunga gati kama saa 11:30 jioni kupisha nyavu za wavuvi, na asubuhi saa 3 umeshashuka. Kiyoyozi cha boti za bei nafuu huwashwa usiku tu. Kwa maoni yangu gharama hiyo hailipi. Boti ya abiria ya Alappuzha hadi Kottayam, saa mbili na nusu, inapita kwenye maji hayo hayo kwa rupia chache, na mtumbwi mdogo wa kukodi huingia mifereji ambayo boti kubwa haiwezi.

Siku ya nne nenda kaskazini. Panda pantoni Fort Kochi hadi Vypin, kisha basi lipitalo kisiwani hadi Cherai, ambako pwani ni safi kuliko ya Fort Kochi isiyofaa kuogelea. Mwenye hamu aendelee Kodungallur, kwenye msikiti wa Cheraman ambao mapokeo ya wenyeji yanauweka mwaka 629. Eneo hilo ndilo linalohusishwa na bandari ya kale ya Muziris. Mafuriko ya mto Periyar mwaka 1341 ndiyo yanayotajwa kuijaza mchanga na kufungua mlango wa Kochi.

Munnar na mashamba yake ya chai uiache. Ni kilomita 130 tu, lakini barabara ya mlimani hula saa 4 au 5 kila upande.

Msimu mzuri ni Desemba hadi Februari. Kusi, ambayo kwetu ni upepo, kwao ni mvua: inaanza kuipiga Kerala mwanzoni mwa Juni, na bahari huchafuka mpaka Septemba.

Pilipili manga nunua Bazaar Road, si mlangoni mwa sinagogi. Tia punje kwenye glasi ya maji: nzito huzama, na zinazoelea ni mapepe au mbegu za papai. Beba noti ndogo, kwa sababu malipo ya simu ya huko yamefungamana zaidi na akaunti za benki za India. Na achari ya embe iende kwenye begi kubwa. Kwenye la mkononi huhesabiwa kimiminika na itabaki uwanjani.