Maswali na Majibu: Jirekodi, Uone Mkono Unavyokudanganya

Safari hii wote mmeuliza jambo moja: kujirekodi kwa simu ili kurekebisha utupaji wa visahani vya gofu, mchezo wa kurusha kisahani hadi kiingie kwenye kikapu cha minyororo. Majibu ni ya anayetupa bakihendi, yaani mkono ukianzia upande wa pili wa mwili na mgongo wa kiganja ukitangulia, kwa mkono wa kulia. Wa mkono wa kushoto ageuze pande.

Sina stendi. Simu niiweke wapi? (Jinja)

Kiti cha plastiki, juu yake jerikeni la lita 20 lenye maji, na simu juu kabisa. Tupu litaangushwa na upepo, na simu nalo. Kamera iwe kati ya kiuno na kifua, mita 5 hivi kutoka ulipo. Ikikaa chini ikitazama juu, mkono utaonekana umeinuka kuliko ulivyo.

Pembe ni mbili. Ya ubavuni: bega la kulia likielekea kikapu, kifua kiitazame kamera. Ya nyuma: kamera nyuma yako, kwenye mstari uleule unaotupia. Kwenye uwanja wa mpira, tupa sambamba na mstari wa pembeni, na weka jiwe pale simu iliposimama ili video ya Jumamosi ijayo ilingane na ya leo.

Halafu jua. Huku kwetu kwenye ikweta linachomoza upande wa mashariki na kutua magharibi mwaka mzima, kwa hiyo jioni tupa kuelekea kaskazini na asubuhi kusini. Hapo kamera ya ubavuni inakuwa imelipa jua kisogo, nawe huonekani kivuli kitupu.

Mkono wangu kwenye video ni ukungu mtupu. Simu mbovu? (Mbale)

Hapana. Futa lenzi kwanza. Kisha piga hesabu: mkono unaokwenda kilomita 80 kwa saa, kwenye video ya fremu (picha moja moja zinazounda video) 30 kwa sekunde, unasafiri sentimita 74 kati ya fremu na fremu. Kosa lote limepita hapo katikati. Ukichagua mwendo wa polepole wa fremu 240, pengo linashuka hadi sentimita 9. Fremu 120 pia zinafaa. Simu ikikuruhusu kupanga shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga), weka sekunde 1/1000 au kasi zaidi, na urekodi kabla jua halijafifia.

Nina video 40 na sijui nitazame nini. (Kampala)

Zifute 38. Katika mbili zilizobaki tafuta fremu moja: ile ambayo mguu wa kulia, wa mbele, unakanyaga na kuanza kubeba uzito. Simamisha hapo. Mkono unatakiwa uwe bado umenyooka nyuma, au ndiyo kwanza unaanza kuja. Kisahani kikiwa tayari kimefika kifuani, umevuta mapema. Mkono unatupa peke yake na miguu ni mapambo. Karibu kila anayeanza yuko hivi, na karibu kila mmoja ataapa kwamba hafanyi hivyo. Dawa: acha mbio za kuanzia. Nyoosha mkono nyuma, piga hatua ya sentimita 30, kanyaga, *ndipo* uvute. Mara 10, kwa kisahani cha kulengea kikapu, kwa sababu hicho kinaanika kosa, draiva, kisahani cha kwenda mbali, hulificha.

Sasa sogeza fremu hadi kisahani kinapopita kifuani. Sehemu ya mkono kutoka begani hadi kiwikoni na kifua vitengeneze pembe ya nyuzi 90 hivi, kiwiko kikitangulia. Mkono ukibanwa kifuani, kisahani kinazunguka mwili badala ya kwenda moja kwa moja, kinachelewa kuachiwa na kutorokea kulia. Chanzo mara nyingi ni pale nyuma ulikoanzia. Tazama video ya kamera ya nyuma: kisahani kibaki kushoto kwa mwili. Kikivuka kulia, kuelekea mgongoni, umeshapotea kabla ya kuvuta.

Natupa kwa nguvu, kinapanda, kinasita, kinaanguka kushoto. Ninunue draiva ya kasi zaidi? (Gulu)

Usinunue, itazidisha ugonjwa. Pua ya kisahani imeinuka. Tazama ubavuni, fremu ya kuachia: ukingo wa mbele uko juu kuliko wa nyuma? Kama mabega nayo yamelalia nyuma, tatizo ni mwili, uzito haujahamia mguu wa mbele. Kama mabega yako sawa, ni kifundo cha mkono: kiinamishe chini, upande wa kidole cha mwisho, kama unayemimina chai kutoka kwenye birika.

Nijilinganishe na video za mabingwa? (Entebbe)

Kwa fremu ya mguu kukanyaga, ndiyo. Kwa mengine, kamera yao haiko pembe yako.

Mvua za Machi hadi Mei nifanyeje? (Masaka)

Tundika blanketi nzito kwenye kamba, simama mita 3, tupa humo. Tupa mara 5, tazama, rekebisha kitu kimoja, tupa 5 tena. Kamera itaona mguu, kiwiko na pua vilevile. Acha nafasi nyuma ya blanketi, maana likigusa ukuta kisahani kitakurudia magotini.