Kabla hujaisukuma ile nyekundu

Wadogo zangu mlioingia wodi ya kemo mwezi huu, karibuni sana. Juzi nimemkuta mmoja wenu anasukuma dokso (doksorubisini, dawa ya saratani) kwenye kanula aliyoichoma mkunjo wa kiwiko. Mgonjwa kakunja uso, naye anamwambia, "Vumilia mama, dawa kali ndivyo zilivyo." Nikasimamisha sindano palepale. Usiku usingizi ulinipaa, maana maneno hayo niliwahi kuyasema mimi, neno kwa neno.

1. Ijue asili ya unachokishika. Dokso, nyekundu kama juisi ya rosela, hutokana na bakteria wa udongoni aitwaye Streptomyces peucetius. Watafiti wa Farmitalia, kampuni ya Milano, walimpata kwenye udongo wa kusini mwa Italia, karibu na ngome ya Castel del Monte. Jina la Adriamycin nalo wakalitoa kwenye bahari ya jirani, Adriatiki. Bakteria huyu ni wa ukoo mmoja na yule aliyetupa streptomaisini ya TB, ndiyo maana vitabu vinaiweka dokso kwenye kundi la antibayotiki. Na ndiyo maana kila mwaka kuna mgeni anayemwambia mgonjwa mwenye homa ya 38, "Usijali, antibayotiki tayari unayo mwilini." Jamani! Dokso haitibu maambukizi. Inashusha chembe nyeupe za damu, zile za kinga, na kwa kawaida zinafika chini kabisa kati ya siku ya 10 na ya 14 baada ya dozi. Homa ya siku hizo ni dharura: FBP (kipimo cha kuhesabu chembe za damu), damu ya kuotesha vijidudu, antibayotiki ya mshipa, bila kungoja raundi ya madaktari. Asili ya dawa siyo kazi yake: hata filigrastimu tunayowachoma kuinua chembe hutengenezwa ndani ya bakteria E. koli, yuleyule anayetusumbua kwenye UTI.

2. Mshipa. Hapa naomba mnisikilize.

Alikuwa mama muuza vitumbua, saikeli ya nne ya AC (dokso pamoja na siklofosfamidi), ya mwisho. Titi la kushoto lilikuwa limeondolewa pamoja na tezi za kwapani, kwa hiyo ulibaki mkono wa kulia tu, na mishipa yake ilishakuwa migumu kama kamba ya katani. Nilichoma kigasha mara mbili nikakosa. Foleni ilikuwa imefika mlangoni. Mara ya tatu nikachoma nyuma ya kiganja, damu ikarudi kidogo, nikafunga plasta, nikaanza kusukuma. Sikurudi kuangalia damu kila baada ya mililita chache kama nilivyofundishwa.

Akasema taratibu, "Sista, panawaka." Nikamjibu vumilia. Akanyamaza, kwa heshima tu, kwa sababu nilikuwa nimevaa sare. Nilipotazama tena, nyuma ya kiganja palikuwa pamevimba kama nusu ya ndimu.

Nikaongeza kosa juu ya kosa. Nikachomoa kanula haraka badala ya kuiacha na kuvuta kwanza dawa iliyobaki. Kisha nikamwekea kitambaa cha moto. Moto ni wa vinkristini, kemo nyingine! Kwa dokso ni barafu, dakika 15 hadi 20, mara nne kwa siku. Deksirazoksani, dawa ya kuzuia madhara ya dokso iliyovuja, ambayo lazima ianze ndani ya saa sita, hatukuwa nayo stoo, na mimi sikuwahi kuuliza kama ipo.

Siku ile kidonda hakikuonekana, nikajipa moyo. Lakini dokso hujibana kwenye DNA ya seli; seli ikifa, dawa inatoka na kuingia seli ya jirani. Ndiyo maana kidonda kinatanuka wiki baada ya wiki. Pakawa pekundu, pakawa peusi, pakafunguka mpaka kano zikaonekana. Alipandikizwa ngozi. Vidole viwili havikufunga tena, na vitumbua vikawa vinageuzwa na binti yake. Saratani ilitulia. Mkono nilioutia dosari ndio aliokuwa akinisalimia nao kila kliniki, ananiita mwanangu.

Basi: kigasha kwanza, epuka kiwiko, kifundo na nyuma ya kiganja. Sukuma taratibu pembeni mwa dripu inayokimbia. Na mgonjwa akisema panawaka, simama kabla hujafungua mdomo.

3. Jumlisha dozi. 60 mg kwa mita ya mraba mara nne ni 240, na moyo una ukomo wake wa maisha, 450 hadi 550 kwa mita ya mraba, kwa sababu dokso huudhuru. Muulize kama aliwahi kupata kemo kwingine, na eko, yaani picha ya moyo, uione kwa macho yako.

4. Mwambie kuhusu mkojo mwekundu, kwamba ni rangi ya dawa tu, kabla hajavaa viatu. Bibi mmoja alirudi usiku kwa bodaboda, keshawaaga wajukuu wote na kugawa khanga zake, akidhani anatokwa damu. Nilimpa maji, nikamweleza, tukacheka mpaka mlinzi akachungulia. Kesho yake alizidai khanga zake, akarudishiwa zote isipokuwa moja.

Jumatatu saa moja kamili, kabla ya mgonjwa wa kwanza, njooni chumba cha dawa. Kila mmoja alete kanula yake. Tutachomana wenyewe kwa wenyewe vigasha, kwa maji ya chumvi, na nitaanza kwa kutoa mkono wangu.