Barua kwa mwanangu, kabla hujaenda Mafia

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Salamu zako nimezipata, na lile swali nimelipata pia. Nililisoma Ijumaa usiku, nikailaza simu kifudifudi mezani, na leo Jumatatu ndiyo nimekaa kukujibu. Nimeona nikuandikie barua. Ujumbe wa sauti ningeishia kulia, nawe usingesikia la maana.

Umeniandikia hivi: "Mama, wamenipangia kituo Mafia, miaka miwili, nirushe Caravan, ile ndege ndogo. Nikubali? Na niambie ukweli, ile miaka saba uliyokaa kule, ulikuwa kazini au ulikuwa unatukimbia?"

Nianze na kazi, ndiyo nyepesi.

Kutoka Dar hadi Kilindoni, ulipo uwanja wa Mafia, ni nusu saa na ushee. Unateremka na pwani, bara kuliani, bahari kushotoni, mpaka delta ya Rufiji inakufungukia: mikoko hadi macho yanachoka, mto umechanika vijito kama vidole, na maji yake ya udongo yanaingia baharini yakijitenga na yale ya buluu kana kwamba yameapa kutochanganyika. Hapo unaliacha bara, unavuka mkondo. Kuanzia Oktoba hadi Machi, ukikaribia kutua, chungulia maji yaliyo mbele ya Kilindoni: vivuli vya kijivu vinavyokwenda polepole ni papa potwe. Miaka saba nimewatazama na sikuwachoka.

Wala usidhani ndege ni kitu kigeni kule. Mwaka 1915 Waingereza walipokwisha kukiteka kisiwa, walirusha kutoka hapo ndege za turubai kuiwinda manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliyojificha ndani ya delta. Julai 11, siku walipoimaliza, ndege iliyokuwa ikiwaelekeza wapiga mizinga ilipigwa ikaangukia mtoni, na wote wawili waliokuwamo wakatoka hai. Kila nilipopita juu ya vijito vile, nami nina injini moja tu mbele yangu, niliwakumbuka wale wawili.

Wenzako watakwambia kituo kile kinakuchelewesha. Ni kweli kwa hesabu: safari za dakika thelathini na tano haziwezi kukujazia kitabu cha saa za kuruka upesi, na hao wa safari ndefu watazifikia saa 1,500 za leseni kubwa ya rubani kabla yako. Lakini mwanangu, kazi yetu ipo kwenye kuruka na kutua. Siku ya mizunguko minne umetua mara nane. Kusi itakufundisha namna yake, kaskazi nayo namna yake, na masika yatakufundisha kugeuza na kurudi ulikotoka. Mimi nilijifunza ndege Mafia. Chuoni nilijifunza kufaulu mtihani.

Chumvi ndiyo adui yako wa kila siku. Haina kelele. Utaona unga mweupe kwenye kichwa cha ribiti, unaufuta kwa kidole, na chini yake bati limeshaanza kuliwa. Sisi kila jioni tuliiosha injini. Tunaiacha ipoe, mimi naketi ndani, fundi anasimama mbele na mpira wa maji safi yaliyokuja kwa madumu kutoka Dar, anaashiria kwa mkono, nami naizungusha kwa starta bila kuiwasha huku yeye anapuliza maji mdomoni mwa injini. Maji yanatoka kwa chini yakidondoka kwenye majani. Kuna jioni nilionja tone kwa ncha ya ulimi: lina chumvi kabisa, kama umelamba mkono baada ya kuogelea. Tangu siku hiyo sikuruhusu jioni hata moja ipite bila kuosha, hata nilipokuwa na homa. Na ndoo ya kamba au pweza isiingie ndani ya ndege kama haikufungwa barabara, hata akiomba nani. Yale maji yakivuja chini ya sakafu huyaoni tena, unakuja kuona kazi yake.

Mizani nayo usimwachie mtu. Caravan imejaa haifiki tani nne, na mafuta ya kwenda na kurudi tuliyabeba wenyewe kutoka Dar, kwa hiyo kila kilo ilikuwa na mwenyewe. Mpime abiria na mzigo wake, kwa adabu. Bibi wa watu usimsimamishe mizanini mbele ya vijana wanaocheka. Mimi niliisogeza mizani nyuma ya mlango, nikaizungushia khanga.

Sasa lililo gumu. Rubani wa ndege kubwa hawajui watu aliowabeba. Kisiwani unawajua. Unamjua mwalimu, unamjua karani wa nazi, unajua nani anakwenda kuzika na nani anakwenda kuolewa. Utadhani hilo litakurahisishia kazi. Siku ya kusema "leo siruki" ndiyo utajua uzito wake.

Kulikuwa na mama mmoja aliyeniuzia pweza. Kila alasiri alipita barazani kwangu, akaketi, tukanywa chai, akaniuliza habari zako kwa jina. Mwezi wa Aprili, mwaka wangu wa nne, binti yake alishikwa na uchungu. Siku ya pili, saa kumi na moja na nusu jioni, wakaja naye uwanjani juu ya gari la mizigo, amelazwa kwenye godoro, na barua ya daktari ya kumpeleka Dar. Mafuta yalikuwamo. Ndege ilikuwapo. Lakini upande wa bara, kutoka delta kwenda juu, kulikuwa na wingu moja jeusi, limesimama kama ukuta, umeme unapita ndani yake. Nilipiga simu mnarani Dar, wakaniambia mvua ni kubwa na uwanja hauonekani vizuri. Jua lilikuwa linazama, na Kilindoni wakati ule, giza likishaingia, hakukuwa na kurudi.

Nikasema siruki.

Yule mama akanishika mkono, huu wa kulia. Hakupiga kelele. Akasema, "Nawe ni mzazi." Basi. Nikarudia, siruki mama yangu, alfajiri nitaruka. Wakageuza gari. Usiku ule nililala ndani ya ndege, kama huo ni usingizi, mvua inapiga juu ya bawa, na saa kumi na mbili kasoro tulikuwa tumeshampakia. Mbingu ilikuwa nyeupe, shwari, kama hakukutokea kitu. Binti alipona. Mtoto hakupatikana.

Nimeipima jioni ile mara nyingi kuliko nilivyopima mizigo. Tungekuwa watu watano ndani. Sikuona njia ya kupita, na nisipoiona njia siruki. Nikirudishwa jioni ileile leo, na umri huu, na mkono ule ukiwa mkononi mwangu, nitajibu vilevile. Wala hiyo haijanipunguzia kitu. Yule mama hakupita tena barazani. Tulipokutana sokoni alinipa salamu kama anavyopewa mgeni. Miezi minane. Kisha siku moja narudi kutoka uwanjani nakuta barazani kuna kikapu, kimefunikwa jani la mgomba, ndani yake pweza ameshapigwa, ameshaoshwa, tayari wa kupika. Kesho yake akaja, akaketi, nikampa chai. Hatukulizungumza, mpaka naondoka kisiwani hatukulizungumza.

Kama unajiona huwezi kusema neno lile kwa mtu unayekula chakula chake, usiende Mafia. Subiri ukue. Hakuna aibu.

La pili.

Nilipomaliza mafunzo nilikuwa na saa chache, na nilikuwa mwanamke. Milango niliyobisha ilinijibu kwa heshima na ikafungwa kwa heshima. Kituo kilichonichukua kilikuwa kile. Wewe ulikuwa na miaka minne, bibi yako Tanga akasema niachie, nenda mwaka mmoja. Mwaka wa kwanza na wa pili, mwanangu, nilikuwa kazini, na kila wiki ya sita nilipanda basi kuja kwako. Unaweza usikumbuke, lakini kuna safari nilifika Chumbageni jioni, ukajificha nyuma ya gauni la bibi, ukaniamkia, "Shikamoo shangazi." Bibi alicheka ili nisilie. Nilikwenda kulia chooni.

Mwaka wa tatu mimi na baba yako tulipoachana, nilipata nafasi Dar. Ningeweza kuichukua. Sikuichukua. Huo ndio ukweli uliouomba. Nilijiambia ni mshahara, nilijiambia ni kisiwa kinanihitaji, na vyote vilikuwa kweli. Lakini Mafia nilikuwa rubani, watoto wananikimbilia uwanjani wakiniita Rubani Mama, na Tanga nilikuwa mwanamke aliyeachwa, anayeulizwa na majirani ameshindwa nini. Sikukukimbia wewe. Nilizikimbia nyuso zile, na wewe ulikuwa upande waliokuwa wao, ukabaki nao. Bibi yako alilijua hilo na hakuniambia hata siku moja, Mungu amrehemu. Ninakuomba radhi. Sikuwahi kulitamka neno hili mbele yako, na nimelichelewesha kwa kuwa nilingoja uwe mkubwa, kumbe nilikuwa naogopa.

Nikubali, umeuliza. Nenda. Una mikono mizuri, mwalimu wako aliniambia. Ila usiweke mtu wa kukungoja bara kwa miaka miwili na kumtembelea kila wiki ya sita. Ukiwa na mke, nenda naye. Ukiwa na mtoto, nenda naye, hata akisoma shule ya pale pale Kilindoni.

Siku hizi uwanja una lami, utatua vizuri kuliko mimi. Ukishapanga vitu vyako, shuka sokoni uulizie nyumba ya yule mama wa pweza. Amezeeka, lakini nilisikia mwezi uliopita kwamba yupo. Mpelekee kilo mbili za sukari na doti ya khanga, nitakupa pesa. Usimwambie nimekutuma uombe chochote. Mwamkie, mwambie wewe ndiye yule mtoto aliyekuwa akiuliziwa habari zake barazani, kisha ukae naye unywe chai.

Mama yako