Kinga ikishuka, kinga ikipitiliza

Swali: Mama ana miaka 74. Daktari wa macho ametueleza kuwa sehemu ya katikati ya retina yake (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) inachakaa kwa uzee, na kwamba kinga ya mwili inahusika. Shangazi amehitimisha kuwa "kinga imeshuka" na anatafuta dawa ya kuipandisha. Kwani kinga, ambayo kazi yake ni kulinda, inaweza kusemwa kuwa inaharibu jicho?

Jibu: Shangazi hajakosea Kiswahili, ila ameuchukua msemo wa ugonjwa mwingine. Neno kinga linatokana na kukinga: twakinga mvua, twakinga maji kwa ndoo. (Ile ya "kinga na kinga ndipo moto uwakapo" ni kijinga cha moto, neno jingine kabisa.) Tangu tuzoee kusikia Upungufu wa Kinga Mwilini, yaani UKIMWI, kinga imekuwa kitu cha kiwango: ipo juu au imeshuka.

Kwa mama yako hakuna kilichoshuka. Hapo sema mfumo wa kinga. Kinga ni ile hali ya kulindwa; mfumo ndio mtendaji, na mtendaji huweza kukosea, kushambulia, kupitiliza. Katika damu mna protini za mfumo huo ziitwazo komplimenti, ambazo huwekea vijidudu na seli mbovu alama ili viondolewe. Uzeeni, takataka za mafuta na protini hujikusanya chini ya retina, na komplimenti imekutwa humo humo. Mwaka 2005 watafiti wa timu kadhaa walionyesha kuwa aina moja ya jeni ya faktori H, protini ambayo ndiyo breki ya komplimenti, huongeza uwezekano wa kupata ugonjwa huu. Si sababu pekee. Umri na sigara vimo pia.

Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha dawa mbili za kudungwa kwa sindano ndani ya jicho kwa waliofikia hatua ya juu ya aina kavu ya ugonjwa huu, ile isiyo na mishipa ya damu inayovuja. Zote huzuia komplimenti. Hupunguza kasi ya uharibifu, hazirudishi uoni uliopotea. Yaani zinatuliza, wakati shangazi anataka kupandisha! Dawa yake ionyeshwe kwanza kwa daktari.

Mimi ningeandika: "mfumo wa kinga umepitiliza kwenye retina." Wala msiuite ugonjwa huu mtoto wa jicho, huyo ni ukungu wa lenzi, na huondolewa kwa upasuaji.