Siku nne Lofoten, visiwa vya kaskazini mwa Norwei, mwezi wa Juni zinatosha?

Zinatosha kabisa ndugu, ila usijaribu kuvizunguka visiwa vyote, utaishia kukaa garini tu. Ukifika mji wa Bodø, panda feri hadi Moskenes huko visiwani, mwendo wa saa tatu hadi nne, kisha weka kambi yako kijiji cha Reine au jirani. Mlima Reinebringen, mita 448, uko hapo hapo. Ngazi zake za mawe zimejengwa na mafundi Washerpa kutoka Nepal, na kwa kweli kushuka kunaumiza magoti kuliko kupanda. Mvua ikinyesha uache, mawe yanateleza vibaya. Siku bahari ikitulia, kodi kayaki uingie Reinefjorden, ghuba iliyo kati ya milima, pamoja na kiongozi. Maji yale ni baridi ya hatari hata kiangazi, kwa hiyo vaa suti ya kuzuia maji unayopewa. Ufuo wa Kvalvika nao usiukose. Barabara ya gari haifiki, unavuka kilima kwa miguu. Juni jua halizami kule, basi mawingu yakifunguka saa nne usiku, vaa viatu utoke. Njia zinakuwa na watu wachache mno saa hizo.